Ng'ombe wa Mwalimu

Mimi si mtu wa kubembeleza. Muulize yeyote aliyepita mikononi mwangu hapa Karatu, kuanzia shule ya msingi nilikofundisha miaka thelathini na moja hadi kile chumba cha nyuma ya duka la madaftari ninakofundishia tangu nistaafu. Atakuambia Mwalimu Evarista ana mdomo. Sawa, ninao. Lakini Kiingereza changu kimewapeleka watu kazini katika mahoteli na makambi yote haya, kutoka Rhotia mpaka ukingo wa kreta, na hakuna aliyewahi kurudi kuniambia nilimfundisha vibaya.

Somo langu la umiliki halijabadilika tangu niajiriwe. Naandika ubaoni: my father's cow. Ng'ombe wa baba yangu. Naeleza kwamba sisi tunaanza na mali ndipo tunamtaja mwenyewe, Mwingereza anaanza na mwenyewe ndipo anaitaja mali, na katikati anatundika kialama kidogo na s yake. Kisha darasa zima linasema mara kumi, na anayetafuna maneno anasema peke yake mara nyingine kumi. Mfano wenyewe ni wa kweli. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kule Kansay, na mimi ndiye niliyewachunga hadi nilipopelekwa shule. Alipofariki, ng'ombe wakawa wa kaka yangu Martini, kwa sababu kwetu binti hagawiwi ng'ombe. Sikulalamika. Nilikuwa na mshahara wangu na chaki zangu, nikaendelea kuandika ng'ombe wa baba ubaoni.

Lekishon alikuja Januari ya mwaka jana. Mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, shuka begani, fimbo mkononi, akasimama mlangoni bila kuingia. Vijana wangu wakamtazama mara moja wakarudi kwenye simu zao, wakidhani ni mlinzi mpya wa duka.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimasai.

"Iko," nikamjibu, na Kimasai changu kikaishia hapo. Nimeishi na Wamasai maisha yangu yote, tunakutana mnadani na hospitalini, lakini lugha yao sikuwahi kujifunza. Hiyo ni aibu yangu. "Unatafuta nani?"

"Natafuta Kiingereza."

"Basi hakiko mlangoni. Ingia, kaa hapa mbele."

Akaingia, akakaa mbele, magoti yakigonga ile meza ya kitoto. Baada ya kipindi alinieleza shida yake. Kwao ni Nainokanoka, juu kwenye baridi. Alikuwa amelinda geti la mtu Dar es Salaam miaka sita. Safari moja aliporudi likizo, mtoto wake mdogo alimuuliza mama yake, Naeku, kama yule mgeni atalala. Kisha ule ukame mkubwa ukaja, ng'ombe wakaisha, wakabaki tisa, na ng'ombe tisa hawalishi watu sita. Sasa alikuwa amesikia kuna kambi karibu na ukingo inayopanga kuajiri mfugaji wa kuwatembeza wageni bomani na kuwaeleza maisha ya wafugaji. Sharti lilikuwa moja tu, ajue Kiingereza.

"Nikiipata, jioni narudi kwangu," alisema. "Nikiikosa, narudi getini. Mwalimu, mimi nataka kulala kwangu tu."

Alikuwa anashuka Karatu kila Ijumaa na magari ya abiria, analala kwa shemeji yake, anasoma Ijumaa na Jumamosi, Jumapili anapanda. Hakukosa hata wakati barabara ilipokuwa tope tupu. Lakini umiliki, jamani, umiliki ulinitoa jasho. Siku ya kwanza nilimfungulia kitabu chenye picha ya ng'ombe.

"Lekishon, huyu ni ng'ombe wa nani?"

Akaitazama picha kwa makini. "Anakamuliwa na nani?"

"Haijulikani. Ni picha."

"Alitoka kwa nani?"

"Ni picha, Lekishon."

"Sasa nitajuaje ni wa nani?"

Darasa likaangua kicheko, nikawanyamazisha. Akanieleza, taratibu kabisa, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Kwao ng'ombe mmoja, maziwa yake ni ya nyumba ya mke, ndama wake ametajwa kwa mtoto, mama yake alitoka kwa mjomba, alama ya sikioni ni ya ukoo, na yeye baba ni yule wa kulaumiwa akipotea. Nikamwambia Mwingereza anataka mwenyewe mmoja, achague. Akafikiri, akasema akichagua mmoja wengine watagombana.

Basi tukaenda hivyohivyo. Vijana walikuwa wanakariri ng'ombe wa baba na kuishia hapo. Yeye alirudi Ijumaa iliyofuata na ukurasa mzima: maziwa ya Naeku, zawadi ya mjomba wangu, ndama wa mwanangu, kilio cha mke wangu siku ya ukame. Kila kialama kilikuwa mahali pake. Nilikisoma kile cha mwisho mara mbili nikajifanya natafuta makosa. Nikaanza kuzisubiri Ijumaa. Nilimpenda yule mtu kama mdogo wangu wa tumbo moja, na sikumwambia, kwa sababu mimi siyawezi maneno hayo.

Mwezi wa tatu, masika yalipoanza, alifika Ijumaa moja amelowa hadi magotini. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, leo alfajiri amezaliwa ndama. Jike. Nimekupa."

Sasa nielewe vizuri. Hapa Karatu nimeahidiwa mbuzi wa kutosha kujaza kreta. Kila mzazi ambaye mtoto wake amefaulu huniambia, Mwalimu, mbuzi wako yupo, nitakuletea. Sijaona hata kwato. Ni adabu tu ya maneno, mtu anasema, unashukuru, kila mmoja anakwenda zake. Kwa hiyo nikamjibu kama ninavyowajibu wote: "Asante sana, ubarikiwe. Haya, toa daftari." Akatoa.

Tangu siku hiyo akaacha kuniita Mwalimu, akawa ananiita Paashe. Nilimuuliza Paashe ndiyo nini, akasema ni jina letu sisi wawili. Nikamwambia humu darasani jina langu ni Mwalimu. Akasema, "Sawa, Paashe." Nikasonya. Baada ya wiki chache nikazoea, nikawa naitika. Nilidhani ni utani wao tu, kama vijana wanaoniita Madamu Pilipili wakifikiri sisikii.

Kazi yenyewe ilichelewa. Kambi ilichelewa kujengwa, kibali kikachelewa, mwaka ukageuka. Ndipo Julai hii ikatangazwa kwamba meneja atapita kuwaona waombaji huko huko majumbani kwao. Na meneja alikuwa Vedasto.

Vedasto nilimfundisha darasa la tano. Nilimchapa mara moja tu, lakini sawasawa, kwa sababu alisema daftari lake limeliwa na mbuzi na kwao hawakuwa na mbuzi. Amekua mtu wa maana, miaka mingi ya kutembeza wageni, sasa ana kiti cha umeneja, na bado akiniona njiani anatoa mikono mfukoni. Lekishon alimwomba kwa simu kwamba siku ya kumwona nami niwepo, na Vedasto akanipitia Alhamisi asubuhi na gari la kambi.

Njiani, tulipokwisha pita lango la Lodoare la kuingia hifadhini na ukungu umetufunika, akaanza kulalamika.

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Nimeshawaona wawili, wote wanafunzi wako. Namwonyesha ng'ombe, ananiambia my father's cow. Namuuliza huyo ng'ombe anaitwaje, hajui. Baba mwenyewe yuko Arusha anauza vitunguu."

"Sarufi yake ilikuwa sahihi?"

"Sahihi kabisa. Lakini mgeni akitoka Ulaya hakuja kusikiliza mtu aliyekariri. Anataka mtu anayesema mambo yake. Huyu wa leo akinipa ng'ombe wa baba, nafunga daftari tugeuze gari."

Nilikuwa nimevaa masweta mawili na bado nikahisi baridi. Mfano ule ni wangu. Nikatoa simu nimpigie Lekishon, aseme kitu kingine chochote, hata amtaje punda, lakini huko juu mtandao ulikuwa umekata. Na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho ya kurudi kazini, mwenye geti la Dar alishasema asipomwona siku hiyo anaweka mwingine.

Tulipofika bomani kitu cha kwanza nilichokiona ni begi. Begi jeusi la safari, limefungwa zipu, limeegemezwa ukutani kando ya mlango wa nyumba. Naeku, mkewe, alitupa chai ya maziwa na hakulitazama begi hata mara moja. Ng'ombe walikuwa bado hawajapelekwa malishoni, wanatusubiri. Lekishon alikuwa amevaa shuka jipya, na alianza vizuri sana. Akamkaribisha Vedasto kwa Kiingereza, akamwambia hii ni nyumba ya mke wangu, ameijenga kwa mikono yake, mimi humo ni mgeni wake. Vedasto akacheka, akaandika. Nikaanza kupumua.

Ndipo Vedasto akanyoosha kalamu kwenye kundi. Akaonyesha mtamba mmoja wa kahawia aliyesimama pembeni akitutazama, na kuuliza, kwa Kiingereza, ni ng'ombe wa nani.

Lekishon alinitazama, akatabasamu, akasema: "This is my teacher's cow."

Ng'ombe wa mwalimu wangu. Nilitamani ardhi inimeze. Vedasto hakukasirika, afadhali angekasirika. Alicheka cheko la mtu aliyechoka, akafunga daftari.

"Umesikia, Mwalimu? Amemtoa baba, amemweka mwalimu." Akamgeukia Lekishon kwa Kiswahili. "Kaka, asante sana kwa chai. Tutakupigia simu."

Kila mtu Karatu anajua maana ya tutakupigia simu. Naeku naye aliijua, kwa sababu aliweka birika chini.

"Ni wake kweli," Lekishon akasema. "Muulize mwenyewe yuko hapo."

Vedasto akanigeukia. "Mwalimu, wewe una ng'ombe huku?"

Niseme ukweli wangu. Neno moja tu lilikuwa linatosha. Ningesema ndiyo, yule mtu angelala kwake. Begi lilikuwa palepale, nikilitazama. Lakini anayeniuliza ni Vedasto, niliyemchapa kwa mbuzi ambaye hakuwapo, na mimi sikuwa na ng'ombe, sijawahi kuwa na ng'ombe, hata wa kuazima. Nilifungua mdomo niseme hapana. Lakini hapana ingemrudisha getini. Basi nikafanya kitu pekee ninachokijua.

"Lekishon," nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti yangu ile ya darasani. "Simama vizuri. Nijibu kwa sentensi kamili."

Akaegemeza fimbo ukutani, akasimama. Vedasto akabaki na mkono kwenye mlango wa gari. Niliuliza kwa Kiingereza naye akanijibu kwa Kiingereza, mwanzo mpaka mwisho. Nawawekea kwa Kiswahili ili tuende pamoja.

"Ng'ombe huyu alizaliwa lini?"

"Alizaliwa mwezi wa tatu mwaka jana, Ijumaa, alfajiri. Mvua ilikuwa inanyesha. Siku hiyohiyo nilishuka darasani, nikakuambia nimekupa."

"Na mimi nilikujibu nini?"

"Ulisema asante sana, ubarikiwe, toa daftari."

Nikaikumbuka ile asubuhi yote, maji yanavyomchuruzika kwenye shuka, mimi nikitafuta chaki. Nilikuwa nimemweka kapu moja na wote walioniahidi mbuzi.

"Mama yake ni yupi?"

"Yule mweusi. Huyo mama ni zawadi ya mjomba wangu. Katika ng'ombe wote wa mjomba, ukame ulimwacha huyo peke yake. Maziwa yake ni ya nyumba ya Naeku. Ndama wake wa kwanza ni wa mwanangu. Ndama wake wa pili ni wako."

Ng'ombe tisa, nikawaza. Mtu mwenye ng'ombe tisa.

"Kwa nini mimi?"

Hilo halikuwa swali la mtihani. Alitafuta maneno, na mara hii sikumharakisha.

"Miaka sita nilisimama kwenye geti la mtu," akasema. "Watu wanapita, wanaingia, wanatoka. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni kwako, wewe ukasema, ingia, kaa hapa mbele."

Nikalazimisha swali moja zaidi.

"Na Paashe ndiyo nini?"

"Kwetu mtu akimpa mwenzake ndama jike, wote wawili wanaacha majina yao. Aliyetoa ni Paashe, aliyepokea ni Paashe, mpaka kufa. Nimekuita, na wewe umekuwa unaitika mwaka mzima."

Nilimtazama yule mtamba. Naye alikuwa bado ananitazama, anatafuna, hana habari. Nimechunga ng'ombe wa baba nikiwa na miaka saba, nimewaandika ubaoni zaidi ya miaka thelathini, nimewasemesha watoto wa watu na watu wazima, na leo nilikuwa na wangu mwaka mzima pasipo hata kuja kumtazama. Nilisikia machozi yanakuja nikayaacha yaje. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa mbele na mwingine nyuma, na sikujali.

"Mwalimu," Vedasto akasema polepole, "hujanijibu."

Nikageuka. Daftari lake lilikuwa wazi tena, na hakuwa ameandika kitu.

"Ni wangu," nikamwambia. "Na mimi sijawahi kukudanganya."

"Najua. Ningekuwa na mbuzi kweli siku ile, usingenichapa." Akajipangusa uso kwa kiganja. Kisha akamwendea Lekishon, akampa mkono. "Jumatatu saa moja asubuhi uwe kambini. Wageni wa kwanza wanakuja Jumatano, na hayo uliyomwambia Mwalimu, nataka uwaambie vilevile."

"Jumatatu hii?" Lekishon akauliza, kama mtu anayehofia amesikia siku nyingine.

Naeku hakusubiri jibu. Alilichukua lile begi, akafungua zipu palepale nje, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzitundika kwenye miiba ya uzio. Suruali ya ulinzi, koti la mvua, viatu. Alipomaliza akalikung'uta begi na kuliingiza ndani.

Nikaenda kwa ng'ombe wangu. Sikumgusa sana, nilimpapasa shingoni tu, ana joto. Lekishon akaja akasimama kando yangu, akaniuliza kama nataka kumshusha Karatu. Nikamwambia akishuka Karatu nitamlisha chaki. Akasema basi atabaki, na akizaa nitapigiwa simu.

"Asante, Paashe," nikamwambia.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka. Alitazama chini akachora mstari mavumbini kwa kidole cha mguu.

Saa kumi tulikuwa Karatu. Vedasto aliniteremsha mbele ya duka la madaftari, na mtandao ulikuwa umerudi. Sikuingia ndani. Nilikaa kwenye ngazi nikampigia kaka yangu Kansay.

"Saita, Martini," nikamsalimu kwa lugha yetu.

"Saita, dada. Kuna nini? Umepiga saa hizi."

"Hakuna baya. Nina ng'ombe."

Nilisikia kuku wake nyuma.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wangu."

Nilisubiri acheke. Nilikuwa nimeshamwandalia maneno makali akicheka. Martini si mtu mbaya, lakini maisha yetu yote ameniuliza habari za shule, za mgongo wangu, za bei ya sukari mjini. Habari za ng'ombe anaongea na wanaume.

"Ana rangi gani?" akauliza.

Asiyefuga hawezi kuelewa jinsi swali lile lilivyonipata. Nilibadilisha simu sikio nikamweleza. Ni wa kahawia, nikasema, ila tumboni ana weupe kutoka kitovuni mpaka kwenye chuchu, masikio yana giza kidogo ncha zake, pembe ya kushoto imeanza kuinama kuliko ya kulia, na mkiani mwisho kuna nywele nyeupe chache. Akauliza mama yake ametoka wapi. Nikamwambia habari za mjomba, na Naeku, na ndama wa kwanza, na ukame. Alinisikiliza yote, hakunikatiza hata mara moja.

"Hebu mtaje tena," akasema nilipomaliza. "Taratibu. Nataka siku nikimwona kundini nimjue mwenyewe, nisionyeshwe."

Nikaanza tena, kwenye pembe.